Usiku mmoja hotelini kwa bei ya punguzo: mmeuliza, tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu hoteli kubwa za mjini, zile za nyota nne na tano, ambazo siku hizi huuza chumba cha usiku mmoja au mbili kwa bei inayofikiwa na mtu wa kipato cha kati. Tunafurahi kwamba milango hiyo imefunguka, na tunataka mnaoingia mtoke mkiwa mmeridhika. Karibu kila tatizo mliloandika lingeweza kuepukwa kwa kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: fedha yangu ataishika nani, hoteli au dalali wa mtandaoni (yaani tovuti au programu inayouza vyumba vya hoteli mbalimbali), na kwa masharti gani?

Hamjambo wahariri. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na nataka tulale usiku mmoja katika hoteli nzuri Nairobi. Tovuti moja inaonyesha 24,000 imekatwa mstari, chini yake 13,500. Je, punguzo hilo ni la kweli? Na bei hushuka zaidi siku gani? — Msomaji, Nakuru

Hongereni sana. Bei iliyokatwa mstari isikushughulishe. Mara nyingi ni bei ya juu ambayo chumba hicho huuzwa katika kipindi fulani, wala si bei ya usiku unaoutaka wewe. Kipimo cha kuaminika ni tovuti ya hoteli yenyewe: usiku uleule, chumba cha aina ileile, staftahi ipo au haipo, na unaweza kufuta au huwezi. Chumba bila staftahi kisichorudishiwa fedha hakilinganishwi na chumba chenye staftahi unachoweza kukifuta hadi siku moja kabla.

Kuhusu siku, hoteli za Upper Hill, Westlands na katikati ya jiji huishi kwa watu wa kazi na mikutano, kwa hiyo hujaa Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa vyumba huanza kubaki na bei hulegea. Usiku wa Jumapili mara nyingi ndio wa bei nafuu kuliko zote, maana wageni wa wikendi wameshaondoka na wa kazi hawajafika. Diani na Nyali, kule pwani, ni kinyume chake: huko wikendi na likizo za shule ndipo bei hupanda. Kukiwa na mkutano mkubwa katika ukumbi wa KICC au katika ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, hesabu hii huvurugika, hivyo jaribu tarehe tatu nne zinazokaribiana kabla ya kuamua.

Sasa hizo 13,500. Soma maandishi madogo uone kama kodi zimo. Alama ya ++ baada ya bei ina maana kwamba kodi na tozo ya huduma vitaongezwa juu yake. Kenya, VAT ni asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2, na hoteli nyingi kubwa huweka pia tozo ya huduma, kwa mfano asilimia 10. Zote zikiongezwa, 13,500 inapata 2,160, 270 na 1,350, na jumla unayoipeleka kaunta ni 17,280. Hapo punguzo limepungua kweli.

Ukishapata jumla, piga simu hotelini saa za kazi na uombe ofisi inayoshughulikia uwekaji nafasi, usiishie mapokezi. Dalali wa mtandaoni hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, na hoteli hupenda kukupa wewe sehemu ya fedha hiyo kuliko kumpa yeye. Sema hivi: "Nimeona chumba cha aina hii, usiku wa tarehe hii, kwa shilingi hizi zote pamoja na kodi. Mnaweza kunipa bei hiyo pamoja na staftahi ya watu wawili?" Wakikataa kushusha bei, omba staftahi, au kutoka saa 8 mchana badala ya saa 5 asubuhi. Uliza pia kama wana bei ya wakazi, na ukipewa, kila mmoja wenu abebe kitambulisho cha taifa. Asiyekuwa nacho anaweza kudaiwa tofauti hadi ifike bei ya wageni wa nje. Mweleze pia aliyepokea simu kwamba ni sherehe ya ndoa na uombe aiandike kwenye kumbukumbu za nafasi yako. Hoteli nyingi huandaa kitu kidogo chumbani, lakini ikiwa tu zimejua mapema.

Nililipia chumba chote mtandaoni kwa kadi ya kwenye simu. Nilipofika hotelini, Posta, Dar es Salaam, mapokezi wakataka kadi ya plastiki au shilingi 200,000 taslimu za dhamana. Si nilikuwa nimeshalipa? — Msomaji, Morogoro

Ulilipia kulala. Dhamana ni ya mengine: vinywaji vya kwenye friji ya chumbani, chakula utakachosema kiandikwe kwenye chumba, dobi, na kitu kikiharibika. Karibu kila hoteli ya daraja hilo huiomba, na kwa kawaida imeandikwa chini kabisa ya masharti, mahali ambapo watu hawafiki. Ilistahili kuandikwa juu.

Dhamana hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni fedha taslimu, na hapo dai risiti yenye jina lako na namba ya chumba. Ukiondoka alfajiri, mwambie keshia usiku uliotangulia, maana saa 10 usiku droo inaweza kuwa haina noti za kukurudishia. Njia ya pili ni kuzuia kiasi fulani kwenye kadi. Fedha haihami, ila huwezi kuitumia. Kwa kadi ya mkopo kinachofungwa ni kiwango chako cha kukopa. Kwa kadi ya kawaida ya benki kinachofungwa ni mshahara wako wenyewe, na hata hoteli ikiachia siku ileile, benki inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili, na baadhi ya kadi hufika siku 30. Usitoe kadi yenye fedha ya ada ya mtoto ya wiki ijayo.

Kosa linalowaumiza wengi hutokea siku ya kutoka. Karani, badala ya kufunga kile kiasi kilichozuiwa kwa kukata deni halisi humohumo, anapitisha malipo mapya na kuacha kizuizi cha mwanzo kikining'inia. Kwenye simu yako unaona umekatwa mara mbili. Kabla hujaondoka kaunta, uliza: "Kile kizuizi cha jana mmekifunga?" Omba karatasi ya mashine inayoonyesha hivyo na uitunze hadi fedha irudi, kwa kuwa benki itataka namba ya idhini iliyomo.

Kadi ya kwenye simu ni nzuri kulipia mtandaoni, lakini haiingii kwenye mashine ya kaunta, na hoteli nyingine husisitiza kuiona kadi ileile iliyolipia. Ukiwa na kadi ya namna hiyo tu, chagua bei ya "lipa hotelini", kisha ulipe kwa Lipa Namba ya hoteli au taslimu. Anayelipiwa na mtoto au ndugu aliye ughaibuni aiombe hoteli mapema fomu ya idhini ya mwenye kadi. Mwenye kadi anaijaza na kuisaini kabla ya mgeni kufika, na aeleze kama anagharamia chumba tu au na matumizi mengine. Bila fomu hiyo mzee wa watu anaweza kukaa mapokezi masaa, huku mwanawe amelala upande wa pili wa dunia.

Ndege ya mdogo wangu itatua Dar saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 15. Nimwekee chumba cha tarehe 14 au 15? — Msomaji, Tanga

Tarehe 14, kutoka tarehe 15. Siku ya hoteli huanza saa 8 au 9 mchana na kuisha kati ya saa 4 na saa 6 mchana wa kesho yake. Ukimwekea ya tarehe 15, atafika usiku na kuambiwa chumba chake kitakuwa tayari mchana.

Ila kuweka tarehe 14 pekee hakutoshi. Usiku wa manane hoteli hufunga hesabu za siku, na mgeni ambaye hajafika huandikwa kuwa hakutokea. Akishaandikwa hivyo, mfumo unaweza kufuta nafasi yake yote pamoja na siku zinazofuata, na chumba kikauzwa kwa mwingine. Andikia hoteli moja kwa moja, siku mbili kabla, ukitaja namba ya ndege na saa kwa mtindo wa saa 24: "Atafika 02:30, tarehe 15, kwa nafasi ya usiku wa tarehe 14. Tafadhali msimfute." Usiandike "saa 8", kwani kwenye kompyuta itaingia kama 08:00 au 20:00. Subiri wajibu kwa maandishi, na jibu hilo mdogo wako awe nalo kwenye simu.

Mwenye kusubiri ndege ya kuunganisha mchana kutwa hana haja ya kulipia usiku. Ulizia chumba cha mchana, kwa kawaida saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hoteli nyingi zilizo karibu na viwanja vya ndege huwa nacho, kwa bei iliyo chini ya usiku kamili.

Nilinunua bei isiyorudishwa ya usiku mbili. Mama amelazwa ghafla na siwezi kusafiri. Dalali anasema niulize hoteli, hoteli inasema nimuulize dalali. — Msomaji, Mwanza

Pole sana, na mama apate nafuu. Bei isiyorudishwa huwa ya chini kwa sababu wewe ndiye uliyebeba hatari ya safari kuvunjika, hivyo kisheria huna mengi ya kudai. Lakini hoteli nyingi husikiliza ukiomba jambo jingine: kubadilishiwa tarehe badala ya kurudishiwa fedha. Fedha inabaki kwao, na chumba wanaweza kukiuza tena.

Anza na hoteli. Mpate meneja wa uwekaji nafasi au wa zamu, mweleze kwa ufupi, mpe namba ya nafasi na pendekeza tarehe mbili za siku ambazo hoteli haijai. Akikubali, chukua jina lake na umwombe atume barua pepe inayosema hoteli imeridhia mabadiliko bila faini. Kisha mpigie dalali, mpe jina hilo na umwambie awapigie sasa hivi ukiwa kwenye simu. Kuzungushwa hutokea kwa sababu fedha bado iko kwa dalali, au ameilipa hoteli kwa kadi yake mwenyewe, kwa hiyo hoteli haiwezi kukurudishia moja kwa moja, na dalali naye hawezi kuachia bila idhini ya hoteli. Fanya yote kabla ya saa ya kuingia ya siku ya kwanza. Ukishaandikwa kuwa hukutokea, huruma hupungua sana.

Ukinunua tena kwa safari inayoweza kuvunjika, pima tofauti. Ikiwa bei inayofutika imezidi kwa asilimia 10 tu, sisi tungeilipa bila kusita.

Kila nikienda kwa ofa napewa chumba kibaya: karibu na lifti, au chenye mlango wa kuunganisha na jirani anayepiga kelele. Ni kwa sababu nimelipa kidogo? — Msomaji, Kisumu

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ofa karibu zote ni za daraja la chini la vyumba, na ndani ya daraja hilo wageni wa mara kwa mara na wanaokaa siku nyingi hupangiwa kwanza. Mgeni wa usiku mmoja aliyekuja kupitia dalali hupata kilichobaki. Hata pointi za uanachama za makampuni makubwa, kama Marriott Bonvoy au Hilton Honors, kwa kawaida hazipatikani ukipitia dalali.

Dawa ni kuandika mapema. Vyumba hupangwa siku moja kabla au asubuhi ya siku yenyewe, kwa hiyo ujumbe wako ufike hotelini kabla ya hapo. Omba mambo mawili, yasizidi: kwa mfano ghorofa ya juu mbali na lifti, na kisiwe na mlango wa kuunganisha. Kwa Westlands, usiku wa Ijumaa na Jumamosi, ombi la kwanza liwe chumba kisichoelekea mtaa wa vilabu, maana muziki huko hukesha.

Ukifunguliwa chumba, acha mizigo mlangoni. Washa kiyoyozi, fungua maji ya moto kwa dakika mbili, nusa, sikiliza, jaribu kitasa na komeo la ndani. Kuna kasoro? Piga mapokezi hapohapo, kabla hujakalia kitanda wala kutumia choo. Chumba ambacho hakijaguswa hurudi kwenye orodha mara moja. Kilichoguswa lazima kisafishwe na kukaguliwa upya, na ndiyo maana baada ya saa moja karani huanza kusitasita. Siku ambayo hoteli haijajaa uliza pia: "Kupanda daraja usiku wa leo ni kiasi gani?" Bei ya kaunta mara nyingi huwa chini ya ile iliyoandikwa mtandaoni.

Naenda Dubai kuchukua mzigo Deira. Hoteli niliyoiona ni dirham 400 kwa usiku, lakini wenzangu wanasema utalipa zaidi. — Mfanyabiashara, Kariakoo

Wako sahihi. Dubai kuna tozo ya huduma ya asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, na VAT asilimia 5. Ikiwa hizo 400 hazina kodi ndani yake, hesabu kwenye 490 hivi. Juu yake kuna ada ya utalii iitwayo Tourism Dirham, inayolipwa kwa kila chumba kila usiku: dirham 20 kwa nyota tano, 15 kwa nyota nne, na hushuka kadiri nyota zinavyopungua. Hii mara nyingi hulipwa kaunta hata kama umelipa vyote mtandaoni, kwa hiyo usigombane na karani. Usiku tatu wa nyota nne ni dirham 45.

Pasipoti halisi itahitajika kwa kila mgeni, na dhamana pia. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa fedha ya nchi yako, chagua dirham, maana ukichagua yako, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hupanga cha kumfaa yeye. Mzigo ukiweza kusubiri, miezi ya joto kali, Juni hadi Agosti, ndiyo ya bei nafuu.

Nimefika saa 4 usiku na vocha mkononi, nikaambiwa hoteli imejaa. Nilikuwa na haki gani? — Msomaji, Arusha

Hoteli huuza vyumba kupita idadi kwa kutarajia wengine hawatatokea, na siku wakitokea wote, anayekosa huwa aliyechelewa, wa usiku mmoja, wa bei ya chini. Desturi katika hoteli za daraja la juu ni kwamba wao ndio wakutafutie chumba cha daraja hilohilo au zaidi jirani, wakilipie, na wakupe usafiri wa kwenda. Usikubali kuondoka na ahadi ya kurudishiwa baadaye. Kaa mapokezi, mwite meneja wa zamu, na mpigie dalali ukiwa palepale. Ili isikutokee, piga simu hotelini asubuhi ya safari, thibitisha jina lako limo, na utaje saa utakayofika.

Kampuni yangu inadai risiti ya EFD, lakini hoteli inasema chumba kililipwa na dalali. — Msomaji, Dodoma

Ikiwa dalali ndiye aliyepokea fedha yako, hoteli itakupa risiti ya ulichotumia pale tu, na ya chumba utaiomba kwake, ambayo huenda mhasibu wako asiikubali. Kwa safari za kikazi zinazohitaji risiti ya kodi, iwe ya mashine ya EFD Tanzania au ya mfumo wa eTIMS Kenya, weka nafasi moja kwa moja au chagua kulipia hotelini, na toa namba ya mlipakodi ya kampuni (TIN Tanzania, PIN Kenya) wakati wa kuingia, kwa kuwa risiti ikishatoka kwa jina lako kuibadilisha ni kazi ndefu.

Nimepata ujumbe WhatsApp wenye jina langu, hoteli yangu na tarehe zangu, unasema nithibitishe kadi ndani ya saa 12 la sivyo nafasi itafutwa. Niufuate? — Msomaji, Mombasa

Usibonyeze. Matapeli huingia kwenye akaunti za hoteli katika tovuti za kuweka nafasi na kusoma orodha ya wageni, ndiyo maana wanayajua hayo yote, na wakati mwingine ujumbe hufika hata ndani ya programu halisi ya dalali. Funga ujumbe, tafuta namba ya hoteli kwenye tovuti yake yenyewe, piga na uulize kama kuna tatizo la malipo. Ukiambiwa kweli kuna kiasi kinachodaiwa, ulipe kwa Paybill au Till ya hoteli, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalojitokeza. Likiwa jina la mtu binafsi, usitume. Ikiwa umeshaweka namba za kadi, iambie benki iifunge kadi sasa hivi, kisha uandikie hoteli na dalali ili wabadilishe nywila zao kabla wageni wengine hawajaandikiwa.